Mapenzi Yanapochuja, Nani Anayelia Ndani ya Wimbo?

Jioni moja tukiwa sebuleni baada ya chakula, binamu yangu aliweka kwenye simu wimbo wa soul, muziki wa hisia wa Wamarekani weusi, wa mwanamke anayeona mapenzi yake yanachuja na hana la kufanya. Shangazi aliacha kumenya chungwa. Aliusikiliza hadi mwisho, kisu kikiwa mkononi, kisha akajifuta macho kwa pindo la khanga. Ndipo binamu akamwambia kwamba mwimbaji huyo hayupo duniani: sauti, kinanda na waitikiaji wote vimetoka kwenye programu ya akili mnemba. Shangazi alikasirika kama mtu aliyetolewa pochi sokoni. "Sasa mimi nimemlilia nani?" akauliza, na hakuna aliyemjibu.

Swali la shangazi limekuwa la wengi tangu mwaka 2025, pale Xania Monet, mwimbaji asiye na mwili aliyeundwa kwa Suno, programu ya akili mnemba inayotengeneza nyimbo, alipoingia kwenye chati ya jarida la muziki la Billboard inayohesabu nyimbo za R&B (ndugu wa soul) za wasikilizaji wa umri mkubwa zinazopigwa redioni Marekani. Wengi waliochukizwa, na mimi nilichukizwa, walijibu kwa sentensi moja: soul haitengenezwi, soul inatoka moyoni mwa aliyeumia. Nadhani jibu hilo si sahihi, na kosa lake lina gharama kubwa kwa wanamuziki tunaotaka kuwatetea. Nyimbo za soul zinazotutoa machozi hadi leo zilitengenezwa kwa mpango, kwa fedha na kwa saa, mara nyingi na watu ambao usiku huo hawakuwa na huzuni yoyote. Thamani yake ilitoka kwa watu kadhaa waliokutana chumbani, wakabishana, wakakataliana, wakahatarisha jina na fedha zao kwa jambo ambalo lingeweza kuwaaibisha. Na watu hao wana majina, na majina yana haki ya kulipwa. Tukiisahau sehemu hiyo tukashikilia machozi peke yake, tutashindwa mabishano haya.

Nichukue wimbo mmoja ninaoupenda kuliko karibu nyimbo zote za aina yake, "You've Lost That Lovin' Feelin'" (Umepoteza Ile Hisia ya Mapenzi) wa The Righteous Brothers, uliotoka Novemba 1964. Waimbaji wake, Bill Medley na Bobby Hatfield, walikuwa vijana wawili wa Kizungu kutoka kusini mwa California walioimba kwa namna ya makanisa ya Wamarekani weusi. Hata jina la kundi, inavyosimuliwa, walipewa na wanajeshi weusi wa kikosi cha majini waliokuja kuwatazama klabuni na kuwapigia kelele za kuwasifu. Mtayarishaji Phil Spector aliwaona katika onyesho la San Francisco, akawataka kwa lebo yake ya Philles. Kisha akawaita Barry Mann na Cynthia Weil, watunzi wa New York, waje Los Angeles kuwatungia wimbo. Walifikia hoteli ya Chateau Marmont, wakakodi piano, wakaanza kazi. Mann na Weil walikuwa mume na mke, wameoana mwaka 1961, na ndoa hiyo ilidumu hadi Weil alipofariki mwaka 2023. Wimbo huu wa mapenzi yaliyokwisha ulitungwa na wawili ambao mapenzi yao hayakwisha.

Hapo tayari hoja ya machozi ya kweli imeanza kuyumba. Kilichowasukuma watunzi hawa hakikuwa kidonda. Walikuwa wakiusikiliza wimbo mwingine uliovuma mwaka huohuo, wa The Four Tops, wakatamani kuandika kitu chenye nguvu ileile. Ule msemo ulio kwenye jina la wimbo waliuweka kama kishikizo tu, neno la kuziba pengo hadi lipatikane bora zaidi, na ni Spector aliyeshikilia usiondolewe. Sehemu ya kati, ambapo vyombo vinashuka na besi inabaki ikizunguka, waliijenga watatu wakiwa kwenye piano. Hii ni kazi ya mafundi, haina tofauti na seremala anayepima mbao. Wala haikuwa ya pekee wakati ule: kule Detroit, Berry Gordy aliyeanzisha Motown alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha magari, na mwenyewe alieleza kwamba mpangilio wa kampuni yake aliuazima kwenye mstari wa kuunganisha magari.

Sisi wa pwani hili halipaswi kutushangaza. Katika taarab, anayetunga shairi, anayelitia muziki na anayeliimba wanaweza kuwa watu watatu tofauti, na mama anayeinuka kwenda kumtuza mwimbaji hamuulizi kama yeye ndiye aliyeachwa. Anamtuza kwa sababu maneno yamemgusa yeye mtuzaji. Ukweli anaoutafuta upo kwenye kiti chake, na mwimbaji ameupatia tu sauti.

Sikiliza sasa jinsi wimbo wenyewe unavyoanza. Hakuna utangulizi wa maana. Sauti nzito ya Medley inaingia moja kwa moja na kumwambia mpenzi wake kwamba siku hizi hafumbi macho anapobusiwa. Sijui maneno mengi ya mapenzi yaliyo makali kama hayo. Mlalamikaji hasemi amesalitiwa, hajakuta barua, hajaona mwanamume mwingine mlangoni. Ameona kope. Halafu anaongeza ushahidi mdogomdogo: vidole visivyo na upole kama zamani, na mpenzi anayemkosoa kwa vitu vidogo alivyokuwa akivipita tu. Kila aliyewahi kukaa ndani ya mapenzi yanayochuja anajua kwamba hivyo ndivyo yanavyokwenda, kimya kimya, na anayeyaona hana cha kukishika mkononi akasema hiki hapa. Tena kuna jambo ambalo wimbo haulisemi lakini limo: ili aone kwamba macho ya mwenzake yako wazi wakati wa busu, naye lazima awe ameyafumbua yake. Wote wawili wanatazamana. Mwandishi aliyezidiwa na maumivu yake mwenyewe huenda asingepata utulivu wa kuona hilo. Ilihitaji mtu aliyekaa pembeni, mwenye kalamu, anayejua wanandoa wanavyoishi.

Kazi ya studio nayo ilikuwa ya mahesabu. Ilifanyika Gold Star, Hollywood, studio ambayo sifa yake kubwa ilikuwa vyumba vya mwangwi: sauti inapelekwa kwenye chumba chenye kuta za saruji, inatolewa kwa spika, inajigonga ukutani, kisha maikrofoni inainasa tena ikiwa imelainika na kupanuka. Mhandisi Larry Levine ndiye aliyeiongoza mitambo. Gene Page, Mmarekani mweusi, ndiye aliyepanga vyombo. Earl Palmer, mpiga ngoma kutoka New Orleans, alikuwa kwenye ngoma zake, na Carol Kaye alikuwa miongoni mwa wapiga gitaa. Nyuma waliitikia The Blossoms, kundi la wanawake weusi ambao sauti zao zimo kwenye nyimbo nyingi za miaka ile pasipo majina yao kuandikwa, na Cher, aliyekuwa bado msichana asiyejulikana, alikuwa kati ya waitikiaji. Spector alipenda kurundika vyombo, gitaa juu ya gitaa, piano juu ya piano, mpaka msikilizaji asijue kipi ni kipi. Sauti ya huzuni tunayoisikia, ile ya mtu anayeongea peke yake ndani ya jumba lililohamwa, ilitokana na saruji na nyaya.

Kwa hiyo anayetetea mashine ana haki ya kuniuliza: kama Spector alitumia chumba cha saruji kuitia sauti upweke ambao haikuwa nao, kosa la programu ni lipi? Chombo ni chombo. Shangazi alilia, na chozi lililotoka halirudi. Hii ndiyo hoja yenye nguvu ya upande ule na siipuuzi. Kuna nyingine kali zaidi. Xania Monet ana mtu nyuma yake, Telisha Jones, mshairi wa Mississippi, anayesema kwamba maneno anayatoa kwenye maisha yake mwenyewe. Ukipima kwa mizani ya wale wanaodai soul ni moyo ulioumia, mashairi ya mama huyu yana haki kuliko ya Mann na Weil waliokuwa hotelini na ndoa yao salama. Mizani iliyotengenezwa ili kuitupa nje kazi ya mashine inaikaribisha ndani, na inautupa nje mmoja wa nyimbo bora za karne iliyopita. Mizani ya namna hiyo haifai kuuzia hata dagaa.

Lakini upande ule nao una hoja moja dhaifu sana, ambayo ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba kwa kuwa msikilizaji hawezi kutofautisha, basi hakuna tofauti. Hebu tuipime kwa yale yaliyotokea kabla santuri haijatoka. Mann na Spector walipowaimbia Medley na Hatfield wimbo huo mara ya kwanza, Medley aliona ni mzuri, ila si wa kwao; uliimbwa juu mno na wao walikuwa watu wa R&B. Ukashushwa, ukapunguzwa mwendo. Hatfield, aliyezoea kuimba bega kwa bega na mwenzake, aliambiwa ubeti wa kwanza ataimba Medley peke yake, naye asubiri. Alikasirika na kuuliza yeye afanye nini muda wote huo. Inasimuliwa kwamba Spector alimjibu aende benki. Wimbo ulipokamilika, Mann alisikilizishwa kwa simu, akasema santuri inazungushwa kwa kasi isiyo yake. Hakuamini kwamba huo mwendo wa kobe na sauti hiyo ya chini kisimani ndiyo waliyoikusudia. Halafu kulikuwa na urefu. Redio za Marekani wakati ule zilitaka nyimbo za dakika tatu au chini, na huu ulikaribia dakika 3 na sekunde 45. Spector hakuukata. Aliandika kwenye lebo 3:05, watangazaji wakauweka hewani kabla ya kugundua.

Angalia ni mara ngapi hapo mtu mwenye akili timamu na uzoefu wa miaka alisema hapana. Wa kuimba alisema si wetu, mwenzake alisema nami je, mtunzi alisema kasi siyo, na kanuni za redio zilisema mrefu mno. Kila uamuzi uliobaki kwenye rekodi ulikuwa ushindi, au kushindwa, kwa mtu fulani aliyekuwa na kitu cha kupoteza. Programu iliyofunzwa kwa mamilioni ya nyimbo inatoa kile kinachoelekea kufuata, kile ambacho nyimbo nyingi zingefanya mahali hapo. Inaweza kuiga wimbo huu vizuri sana leo kwa sababu wimbo huu tayari upo na umekwisha kuwa kawaida. Mwaka 1964 wimbo huu haukuwa kawaida. Msikilizaji wa leo anaweza asitofautishe mwigo na asili, na hilo halimpunguzii chozi lake, ila linatuambia kuhusu sikio la msikilizaji tu. Halituambii chochote kuhusu nani aliyefungua njia, wala kuhusu kama njia nyingine itafunguliwa watu wakiacha kukaa chumbani pamoja.

Mapokezi yake yanathibitisha kwamba hatari ilikuwa ya kweli. Uingereza, mwimbaji Cilla Black alitoa toleo lake haraka chini ya mtayarishaji George Martin, na kwa muda likawa mbele ya lile la asili. Andrew Loog Oldham, meneja wa The Rolling Stones, hakuwa na hisa kwenye rekodi hiyo, lakini alinunua nafasi ya tangazo katika gazeti la Melody Maker kuwahimiza watu wasikilize la The Righteous Brothers. Mwanzoni mwa Februari 1965 wimbo ulikuwa namba moja Uingereza na Marekani, na vituo vya Wamarekani weusi navyo viliupiga kiasi cha kuufikisha juu kwenye chati ya R&B. Wapo waliouliza tangu wakati ule kama vijana wa Kizungu walikuwa na ruhusa ya kuimba hivyo. Swali hilo ni halali, na ukitazama waliokuwa chumbani jibu haliwi rahisi: kanisa analoliigiza Medley pale anapoanza kuomba, huku Hatfield akimjibu kwa sauti ya juu zaidi na zaidi, limezungukwa na mpangaji mweusi, mpiga ngoma mweusi na waitikiaji weusi. Sifa zilikwenda kwa wawili waliokuwa kwenye picha.

Na hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu hapa ndipo mjadala wa akili mnemba unapogusa mifuko ya watu. Mwaka 1999 BMI, chama kinachokusanya malipo ya watunzi Marekani, kilitangaza kwamba huo ndio wimbo uliopigwa zaidi redioni na kwenye televisheni za Marekani katika karne ya 20: zaidi ya mara milioni 8. Ukizidisha kwa urefu wake halisi unapata zaidi ya miaka 57 ya muziki usiokatika usiku na mchana. Sasa, kwa sheria ya Marekani, redio ya kawaida inalipa watunzi na wachapishaji wao. Mwimbaji halipwi kwa mrusho huo, mpiga ngoma halipwi, mwitikiaji ndiyo kabisa. Waimbaji walinufaika kwa mauzo na maonyesho. Waliokuwa nyuma walilipwa kwa kipindi cha kazi, wakaenda nyumbani. Darlene Love, aliyeongoza The Blossoms, alikwisha kuonja hilo mapema zaidi: mwaka 1962 aliimba wimbo uliofika namba moja Marekani, na Spector akautoa kwa jina la kundi jingine. Msikilizaji wa mwaka 1962 hakutofautisha pia.

Sitaki mtu adhani namtukuza Spector. Mwaka 2009 alihukumiwa kwa kumuua mwigizaji Lana Clarkson, na alifariki mwaka 2021 akiwa mfungwa. Mabavu yake studioni yanajulikana. Lakini ubaya wake unatufundisha kwamba kufutwa kwa majina hakukuanza na kompyuta. Kompyuta imeichukua tabia ya zamani na kuipanua. Juni 2024 kampuni kubwa tatu za muziki, Universal, Sony na Warner, zilizifungulia kesi Suno na mwenzake Udio kwa kutumia rekodi zao kuzifunza programu bila idhini. Katika majibu yake mahakamani, Suno haikukana kwamba ndani ya makumi ya mamilioni ya rekodi ilizojifunzia huenda zimo za kampuni hizo. Ilitetea kwamba sheria inairuhusu. Mwaka uliofuata mapatano yakaanza: Universal na Udio, kisha Warner na zote mbili. Mapatano hayo ni kati ya wenye kampuni. Mwitikiaji aliyelipwa mara moja miaka 60 iliyopita hana kiti kwenye meza hiyo, na kama pumzi yake ni moja ya zile zilizomfundisha mwimbaji asiye na mwili mahali pa kuvuta hewa, hakuna hati inayosema hivyo.

Ndiyo maana nasema tumepigana vita hivi kwa silaha isiyokata. Tukimwambia hakimu au mbunge kwamba mashine haina moyo, atatuuliza moyo unapimwaje, na wenye programu watamletea shangazi yangu akiwa na khanga iliyolowa. Tukimwambia kwamba kila rekodi ina orodha ya watu waliokuwa chumbani, kwamba orodha hiyo inaweza kuandikwa, na kwamba anayeitumia rekodi kufunza programu aonyeshe orodha na alipe kwayo, hapo tuna kitu cha kushika. Vyama vyetu vya hakimiliki Afrika Mashariki, ambavyo wanamuziki wamevilalamikia miaka mingi, vingefanya vizuri kuanza na hili la orodha kabla ya lolote: nani alipiga gitaa, nani aliitikia, kanda ilirekodiwa lini na wapi. Magwiji wa dansi na taarab wanazeeka, na wengi wa wapiga ala wao wanakumbukwa kwa majina ya utani tu. Rekodi zao ziko mtandaoni leo, wazi kwa yeyote. Kwa Telisha Jones sina ugomvi. Ana maneno yake na amepata njia ya kuyaimbisha. Ninachotaka ni kwamba wale waliomwimbia, ambao ni wengi kuliko awezavyo kuwajua, wasichukuliwe kama upepo.

Nilimrudia shangazi siku ya pili yake nikiwa na wimbo wa zamani. Kiingereza hakimsumbui sana, maana wimbo huu hata asiyejua lugha anasikia mtu anayeomba. Mimi mwenyewe nilipousikia utotoni kwenye redio ya jirani sikuelewa neno hata moja, na nilijua kuna mtu anayeachwa. Alisikiliza amefumba macho. Vyombo vilipotulia, besi ikabaki, Medley akaanza kuomba na yule mwingine akamjibu, shangazi aliuliza, "Huyu wa juu ni nani?" Nikamwambia ni Bobby Hatfield, aliambiwa asubiri akakasirika. Akacheka. Akauliza wale wanawake wa nyuma. Nikamtajia. Akauliza mpiga ngoma, nikamtaja, na aliyepanga vinanda, nikamtaja, mpaka wimbo ukafifia taratibu ukaisha bila yule mwanamume kujibiwa.

"Haya, rudisha mwanangu," akasema. "Pale huyo aliyekasirika anapoingia."